Swali la Marehemu Casimir

Mimi ni Georgette, na mwaka ule wa vita sauti yangu ilijulikana mjini Baraka kuliko sura yangu. Niliendesha foni, ile redio ya betri ya gari, katika duka la Mama Constance. Mtu akiweka dola Uvira, mwenzetu wa huko alitaja jina hewani, nasi huku tukalipa. Mpokeaji alitakiwa kuja mwenyewe, maana mtumaji alimuuliza swali, na jibu lake ndilo lilikuwa kitambulisho. Vitambulisho vya karatasi vilishaungua pamoja na nyumba.

Casimir alipokufa Uvira, sikumlilia. Utajiri wake ulikuwa ng'ombe walioibwa Minembwe na kuvushwa ziwa kutoka Kazimia, na wachungaji waliouawa kwa ajili yao. Matanga yake yalikuwa na bia nyingi na machozi machache. Mwezi mmoja baadaye ikaja sauti ngeni kwenye foni kutoka Uvira, ya mwanamume mpole.

"Ndugu ya marehemu Casimir banatuma dola mia mbili kwa Mama Marthe. Marehemu aliacha liste ya batu yake."

Marthe aliwahi kumpikia Casimir. Alikuja mbio, kitenge kinamdondoka. Sauti ikamuuliza, "Mara ya mwisho ulimuona marehemu wapi, na alikuwa na nani?" Marthe akamwaga yote: Kazimia ufukweni, na wanaume wawili, na sanduku la chuma. Akalipwa. Siku ya nne mlango wake ulikutwa wazi, sufuria juu ya mafiga, mwenyewe hayupo.

Wa pili alikuwa Willy, mwenye mtumbwi. Swali lilikuwa lile lile, naye akajibu akicheka. Mtumbwi wake ulirudi ufukweni bila yeye.

Nilimsihi Mama Constance tukatae pesa hizo. Akanijibu, "Mi nakula komisyo, Georgette. Sikule maswali." Nilimchukia siku ile, na mshahara wake nikaupokea.

Alhamisi asubuhi mvua ilikuwa imewafukuza wateja. Nilikuwa peke yangu sauti ilipokuja.

"Fabien, mutoto wa Dorothée wa Kazimia. Dola mia tano. Iko hapo?"

Fabien ni mume wangu. Aliniapia mbele ya mama yake kwamba hajamfanyia Casimir kazi hata siku moja, kwamba zile safari zake za usiku zilikuwa za uvuvi. Uvuvi gani, mjinga mimi, wa mtu anayerudi bila hata ndagala mmoja! Hasira ilinipanda, kisha hofu ikaimeza. Ningesema yuko, wangemtaka aje kujibu. Ningesema amehamia Kigoma, wangemfuata Kigoma. Maiti hafuatwi na mtu, niliwaza. Nikabonyeza kitufe.

"Fabien alikufa. Ni kipindupindu. Tulimuzika Jumatatu, nyuma ya nyumba."

Nilichagua kipindupindu kwa sababu mgonjwa wake huzikwa upesi, bila kuoshwa wala kuagwa. Nilijiona mwerevu. Nikasahau kitu ambacho hata mtoto wa Baraka anakijua: foni haina siri, kila kituo husikia, na habari za misiba yetu yote hupita humo humo. Kabla sijapumua, Kazimia wakaingia.

"Georgette! Mungu wangu! Mama Dorothée iko hapa, amesikia, ameanguka chini! Tuko nakuja ku matanga!"

Nyuma ya maneno hayo nilimsikia mama mkwe wangu akipiga kelele. Sikuweza kumwambia ukweli, kwa sababu yule mpole wa Uvira naye alikuwa anasikiliza. Alingoja kelele zitulie.

"Pole sana, mama," akasema. "Marehemu Casimir alimupenda Fabien. Ile pesa tutaileta sisi wenyewe ku matanga, Jumamosi. Mutatuonyesha kaburi."

Nilikimbia mvuani hadi nyumbani. Fabien alikuwa jikoni, anakula bugali na ndagala, akaniuliza mbona nimerudi mapema. Nilichukua jembe na sepetu ukutani, nikaviweka mbele ya sahani yake.

"Nawa mikono," nikamwambia. "Wende nyuma ya nyumba, uchimbe. Urefu yako mwenyewe."

"Nani alikufa?"

"We. Fanya mbiyo, mama yako iko njiani na kilio."