Mama Mkwe Kanyoosha Miguu

Mwalimu ndiye aliyejitakia. Siku ya kwanza, alipoona wafua nguo wa hospitali wanaikodolea macho A kama mgeni aliyeingia bila hodi, aliwaambia, "Kila herufi ipeni sura ya mtu mnayemjua. Hamtaisahau." Ushauri mzuri, kwa mtu asiyeishi na wakwe.

Mke wa kinyozi, mmoja wa wafuaji hao, aliufuata kwa moyo wote. Yeye alijua herufi za Kiarabu za chuoni tu, zile zinazoanzia kulia. Hizi za Kiingereza alikuwa hazijui ng'o. Basi akazigawa nyumbani kwake. C ni shemeji, kajikunja kwa usingizi wa mchana. D ni mumewe, maana kitambi hakifichiki. T ni mjomba, kapanua mikono akisimulia uongo wake. Na L, Mungu amsamehe, ni mama mkwe: mgongo wima, miguu kainyoosha mbele, anangoja chai.

Tatizo ni kwamba herufi haikumjia mpaka amtaje mwenyewe kwa sauti. "Shemeji... C!" Na mama mkwe alikuwa mle mle darasani, benchi la mbele. Hakuja kusoma, alisema, kachoka na dunia hii, asome ya nini? Kaja kumsindikiza mkwe wake. Kalamu hakushika hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kujipepea kwa daftari la jirani.

Kwa hiyo L ilipotokea ubaoni, mke wa kinyozi alikohoa kwanza, akamtaja ndani ya kikohozi, ndipo akasema, "L." Mwalimu akamshauri anywe maji ya tangawizi.

Mambo yakaharibika pale mtu mmoja kule kazini alipopeleka mashuka machafu wodi ya wazazi. Mifuko ilikuja imeandikwa Kiingereza, CLEAN ya safi na DIRTY ya chafu, naye alikisia. Mkunga alipiga kelele hadi getini wakasikia. Msimamizi wa chumba cha kufulia akaapa: asiyesoma mifuko atarudi kufagia uani. Mke wa kinyozi alikuwa amefagia ule uani miaka mingi, jua la utosi, vumbi la kooni. Hakutaka kurudi kule hata kwa kubebwa.

Msimamizi akaja darasani mwenyewe na mifuko miwili.

"Herufi moja moja, kisha neno. Na mtu asimsaidie mwenzake hata kwa kunong'ona!"

Zamu ya mke wa kinyozi ikafika, akasimama mbele akiwaelekea wenzake. Mfuko wa kwanza ukainuliwa.

"Shemeji... C," alianza. Darasa likacheka. Halafu akaiona L, na nyuma yake, benchi la mbele, mwenye L anamtazama bila kupepesa. Akatafuta kikohozi. Kikohozi nacho kikamkimbia.

"Tunangoja," msimamizi akasema.

Hapo mama mkwe akaweka daftari la watu chini. Akageuka ubavu, akanyoosha mgongo, akainua miguu yote miwili, akailaza juu ya benchi taratibu, goti likalia ko! Akatulia hivyo, kidevu juu.

Mke wa kinyozi akatamani ardhi ipasuke. Kumbe anajua! "Mama mkwe," akasema kwa sauti nyembamba. "L." Zilizobaki zikaja zenyewe. "Clean. Safi."

Mfuko wa pili. Mumewe, D. Mwalimu mwenyewe, mwembamba, I. Wifi katanguliza mguu, R. Mjomba, T. Ya mwisho akakwama kabisa. Nyumba nzima alikuwa ameshaimaliza. Hiyo haikupata mtu.

Mama mkwe akasimama. Akarusha mikono yote miwili juu, akainua uso darini, akafumba macho kwa uchovu mkubwa. Ndivyo alivyofanya mtu fulani jikoni kila akiagizwa chai, akidhani mlango umefungwa.

"We bibi, unafanya nini?" msimamizi akafoka.

"Najinyoosha. Mgongo."

Mke wa kinyozi akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mimi," akasema. "Huyo ni mimi. Y. Dirty. Chafu."

Jioni ile chai ilipelekwa bila kuagizwa. Mama mkwe akaipokea, miguu kainyoosha, akauliza, "Na Q umempa nani?"