Kikasha Kikubwa na Kikasha Kidogo

Germain alistaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kusoma mita kwenye mitambo ya umeme ya Koni, na hakujua afanye nini na asubuhi zake. Alikuwa amezoea mngurumo wa turbini. Nyumba yake ya Likasi ilikuwa kimya mno. Binti yake Bénie, mkemia katika maabara ya kampuni moja ya shaba huko Kolwezi, aliliona jambo hilo alipokuja Noeli. Pasaka iliyofuata alishuka kwenye basi akiwa amekumbatia katoni.

Ndani ya katoni mlikuwa na kikasha cheusi cha alumini, kizito kama tofali. Wenye kujua mambo hayo hukiita konvertisa. Kazi yake ni kuchukua wimbo ulio ndani ya kompyuta, ambao ni namba tupu, na kuugeuza kuwa umeme ambao ampli ya kukuza sauti na bafle, yaani spika, zinaweza kuutoa kama sauti. Kwa bei yake mtu angepata pikipiki. Germain alikiunganisha siku ileile, akacheza nyimbo za kwaya ya parokia alizozinasa mwenyewe kwenye kaseti enzi za ujana wake, ambazo baadaye fundi mmoja alimhamishia kwenye kompyuta. Katika nyimbo hizo mke wake, Philomène, aliimba sauti ya kwanza. Germain alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Mama Bénie, kuya usikie! Leo njo niko nakusikia muzuri."

"Minye niko hapa kila siku," Philomène akajibu kutoka jikoni. "Hunisikiaka?"

Kwa miezi miwili kila mgeni aliyeingia alikalishwa kwenye kiti cha katikati na kusikilizishwa. Wote walikubali kwamba sauti ni nzuri, maana soda ilikuwa njiani. Aliyekataa alikuwa Kabedi, mama mmoja jirani aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu mbele ya lango lao. Kibandani mwake aliuza vijikasha vidogo kama kidole gumba, vinavyofanya kazi ileile, kwa watu ambao simu zao hazina tundu la ekuta za masikioni. Siku aliyokuja kurudisha bisibisi aliyoazima, alisikiliza nyimbo mbili, kisha akacheka kwa adabu.

"Papa Germain, kile kidogo minye nauzishaka kiko natoa sauti moja na hii yako."

"Kabedi, mutoto yangu, usiseme vile. Kile chako nilijaribu. Sauti inakuwa mbali, kama muntu iko naimba ndani ya pipa."

"Ulijaribu ukiwa unajua ni gani iko naimba. Jaribu bila kujua."

Mtu mwingine angekasirika. Lakini Germain alikuwa amewafundisha vijana wengi pale Koni kwamba anayesoma mita asiandike namba anayoitarajia, aandike anayoiona. Hakuweza kukataa. Wakapatana Jumamosi saa nne asubuhi.

Jumamosi ilipofika alikuwa tayari tangu saa mbili. Vikasha vyote viwili alivifunga kwenye ampli, na wimbo mmoja ukaingia kote kuwili kwa pamoja; kubonyeza kitufe tu kulitosha kuhama kutoka kimoja hadi kingine. Alitundika shuka mbele ya vyombo. Philomène angekaa nyuma ya shuka akiwa na kopo lenye punje moja ya mahindi na punje moja ya haragwe. Kila mara angechomoa punje bila kutazama: mahindi, acheze kikubwa, haragwe, acheze kidogo, kisha airudishe punje na kuandika kwenye daftari lake la kwaya. Mbele ya shuka, Kabedi angeandika majibu ya Germain. Mara ishirini.

"Ngoja kwanza," Germain akasema. "Moja isikuwe na nguvu kupita ingine. Sauti ya juu siku zote inadanganya sikio."

Akatoa mita yake ya zamani, akacheza mlio mmoja usiobadilika, akapima. Kikasha kidogo kilitoa volti moja. Kikubwa kilitoa mbili. Akapima tena. Akabaki ameshika zile nyaya mbili za mita.

"Nini, Papa?" Kabedi akauliza.

"Kumbe kikubwa kilikuwa kinapiga kelele zaidi, njo ile tu," alisema polepole. Akapunguza sauti ya kikasha kikubwa mpaka mita ikasoma sawasawa kwa vyote viwili, akakaa kwenye kiti chake. Alijua tayari kwamba yumo matatani.

Wimbo ulianza. Mara ya kwanza alijibu haraka: "Kikubwa." Mara ya pili pia. Kufikia ya sita alikuwa amefumba macho na kuinamisha kichwa. Ya tisa aliomba irudiwe, kisha irudiwe tena. Ya kumi na tano alisema, "Andika tu kidogo, sijue." Walipomaliza, wanawake wale wawili walilinganisha daftari na karatasi mezani. Alikuwa amepata kumi na moja.

"Kumi na moja ni zaidi ya kumi," Philomène akasema kwa huruma.

"Hapana, Mama Bénie. Hata ungetupa sarafu, ungepata vile."

Kabedi hakushangilia. Aliomba naye ajaribiwe, akapata tisa, na hilo likampoza Germain kidogo. Walikunywa chai kwa mikate, wakaacha kuzungumzia jambo hilo.

Kilichomsumbua Germain hakikuwa sikio lake. Alimfikiria binti yake, aliyejinyima kwa ajili ya zawadi ile. Jumapili hakumpigia simu kama kawaida yake. Jumatatu vilevile. Jumanne Philomène aliipiga mwenyewe na kumtia simu mkononi.

Germain alieleza yote bila kuruka kitu: volti, shuka, punje.

"Mlifanya mara ngapi?" Bénie akauliza.

"Makumi mbili."

"Na mama hakukuwa anakuonyesha?"

"Alikuwa nyuma ya shuka."

"Papa, huku maabara tunapima mawe vilevile. Échantillon, kile kipande cha kupima, inakuya bila jina, ju tusijue inatoka wapi." Akaanza kucheka. "Bon. Nilipigwa bei. Lakini minye sikukuletea ile kintu ju ya sauti. Nilitaka tu upate kitu cha kufungua na kufunga. Noeli ulikuwa unakaa kama mugonjwa."

"Sasa niko mu matata na bantu wa hapa juu ya ile kintu."

"Njo vile muzuri," Bénie akasema. "Sasa hukai tena bure."

Mwezi uliofuata, Germain alipoamua kukiuza kikasha, Bénie alimpata mnunuzi, mwenzake wa kazini. Germain alikubali kwa sharti moja: mtu yule aambiwe ukweli wote. Aliandika ukurasa mzima, pamoja na matokeo, akaweka sahihi. Mnunuzi aliusoma, akasema kikasha ni kizuri kwa macho na kwamba yeye hana mpango wa kutundika shuka nyumbani kwake. Akakichukua kwa furaha.

Germain alibaki na kijikasha cha Kabedi. Na sasa, akiwa hana tena cha kusifia, alianza kusikia yaliyokuwa kweli kwenye nyimbo zake: mvumo wa kaseti, sauti za wanaume zilizomezwa, mtu aliyekohoa katikati ya Sanctus. Hayo hakuna kikasha kingeyaondoa.

"Sauti inaharibikia pale inaingilia," alimwambia Kabedi kibandani. "Huku inatokea, kazi ni ndogo."

Kwa pesa za kikasha walinunua mikrofoni mbili nzuri. Kabedi alizitengenezea miguu kwa mabomba ya chuma. Wakaomba ruhusa kwa padri kunasa mazoezi ya kwaya ya siku hizi.

Ilikuwa Jumatano mchana. Wanawake kumi na wawili walisimama nusu duara, Philomène akiwa wa tatu kutoka kushoto. Germain alivaa ekuta, akasikiliza, akamwomba mama mmoja mwenye sauti ya kengele arudi nyuma hatua mbili. Mama yule alirudi akinung'unika. Kabedi alisogeza mguu wa mikrofoni kidogo kuelekea kwa wenye sauti ya pili. Germain alisikia viatu vikitulia sakafuni, kisha pumzi za watu kumi na wawili zikivutwa pamoja, wazi kabisa. Akainua mkono, wakaanza kuimba.