Fadhila Amepona

Saa sita mchana, kwenye geti la kliniki ya wagonjwa wa kichwa, juu ya korongo la mto Ntahangwa, walezi wa wagonjwa walipanga mstari na sufuria zao. Candide, mkuu wa walinzi, alifunua kila kifuniko, akachungulia, akachokoa ugali kwa kijiti kutafuta kisu, kisha akaruhusu. Ilipofika zamu ya Massoudi, fundi pikipiki kutoka Buyenzi, mtaa wa Waswahili, Candide aliona ndagala, wale dagaa wa ziwani, wametulia kwenye mawese, akasema, "Pita." Massoudi akapita. Candide ndiye aliyemuua Massoudi mwaka uliopita, lakini mchana ule mstari ulikuwa mrefu, jua lilikuwa kali, na kila mtu alikuwa na shughuli zake.

Kliniki ilikuwa na sheria moja isiyopindishwa: mgonjwa asiye na garde-malade hapati kitanda. Garde-malade ndiye anayepika, anayefua, anayemwogesha mgonjwa na kumshika mikono wakati wa sindano. Kliniki inatoa daktari na ukuta. Fadhila, mke wa Massoudi, alipoletwa pale na wifi yake Adija, hakuwa na wa kukaa naye. Adija alikuwa na meza yake ya vitenge soko la Jabe, na tena ndiye aliyekuwa akimlea Lubna, binti wa Fadhila, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yanang'oka. Karani alikuwa ameshawaambia warudi walikotoka, ndipo Massoudi akaingia, akapangusa viatu mlangoni, akasema, "Mi ni bwana yake. Nitakaa naye."

Karani akamwuliza kazi yake, akasema fundi. Akamwuliza anakaa wapi, akasema kwa sasa hana mahali. Karani akamwandikia kadi, akaipiga muhuri. Adija alimtazama kaka yake, akamwambia amekonda, kisha akakimbilia sokoni kabla watu wa mchana hawajapungua.

Kifo chenyewe kilikuwa hivi. Ilikuwa siku ya ville morte, zile siku ambazo vijana waliufunga mji kwa mawe na matairi, na mwenye akili akabaki ndani. Massoudi alikuwa na akili, ila alikuwa pia na imani ya watu wa Buyenzi, kwamba Mswahili hana upande katika ugomvi wa makabila: anatengeneza pikipiki ya huyu na ya yule, basi nani atamgusa? Candide, mteja wake wa miaka, alimtumia salamu kuwa anaitaka pikipiki yake leo leo. Massoudi akaisukuma mwenyewe mpaka kwenye kizuizi cha barabarani alichokisimamia Candide na vijana wake. Candide aliiwasha, akaisikiliza inavyonguruma, akaridhika. "Pita basi, Massoudi," akamwambia. "We njia unaijua." Massoudi alipogeuka kwenda, Candide na vijana wake wakammaliza kwa nyuma. Mwili haukuonekana tena. Avenue nzima, mtaa wote, iliona, na avenue nzima ikafunga madirisha. Kliniki nayo ilipotafuta mkuu wa walinzi, wakubwa walisema wanataka mtu mwenye uzoefu wa kuzuia watu njiani, na kwa hilo Candide hakuwa na mpinzani.

Fadhila aliacha cherehani yake, akaenda kusimama katikati ya soko la Jabe, akalitaja jina la aliyemuua mumewe. Kesho yake akarudi akalitaja tena. Waliomsikia walikuwa wale wale waliochungulia dirishani, nao wakatikisa vichwa kwa huruma, wakasema maskini, akili zimemruka. Ndivyo alivyopatikana mgonjwa.

Na mgonjwa alikuwa anatafutwa kwa udi na uvumba. Daktari Hyacinthe alikuwa amesoma Ulaya na kurudi na utafiti. Kabati la dawa la kliniki lilikuwa na aspirini na mende tu, lakini wenye utafiti walimletea maboksi ya vidonge vipya vyeupe, pamoja na maswali ya kuwauliza wagonjwa, kila jibu na alama yake. Alama zikishuka, dawa inafanya kazi. Wagonjwa wa kwenye utafiti walipata vidonge, na wengine walipata aspirini na dua.

Daktari aliketi kitandani kwa Fadhila na karatasi zake. Massoudi alikuwa amesimama dirishani anakunja kanga zilizokauka.

"Je, unaona watu waliokwisha kufa?"

"Ndiyo," akasema Fadhila. "Bwana yangu. Huyu hapa."

"Papa, sogea kidogo, unanizibia mwanga," daktari akamwambia Massoudi. Massoudi akasogea. Daktari akaandika alama ya juu kabisa. "Je, unaona kama kuna mutu anakutakia mabaya?"

"Candide wa getini. Yeye ndiye alimuua bwana yangu."

"Ni kweli, docteur," akasema Massoudi. "Mi nilikuwako."

Daktari aliinua kalamu. Alikuwa mtu wa adabu, hakupenda kumkemea mtu mzima. "Papa, tafadhali. Garde-malade hajibu. Unaniharibia utafiti." Akaandika alama nyingine ya juu, kisha akaagiza vidonge viongezwe.

Nyani haoni kundule. Jioni, kila daktari alipotoka kwenda nyumbani, mdogo wake Jovithe, aliyeuawa mtaa wa Kamenge, alikuwa ameketi tayari kwenye kiti cha mbele cha Peugeot yake, magoti yamebana kwa urefu. Daktari alimfungia mlango vizuri, akamwambia avute mkono usije ukabanwa, wakaenda. Hakuna aliyewahi kumwuliza daktari swali lolote lenye alama.

Vidonge vilimwingia Fadhila mwilini. Ulimi ulimnenea, mate yalimtoka bila yeye kujua, na mikono ilitetemeka hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, yeye aliyekuwa akishona nguo za maharusi wa Buyenzi nzima. Massoudi peke yake hakuguswa na dawa. Alikuja vile vile na sufuria yake, akampangusa mate, akamlisha. Marehemu hawaonji chumvi, kwa hiyo mboga ilikuwa ama chapwa ama chumvi tupu, na Fadhila aliila yote. Pikipiki ya Candide ilipopita nje ya ukuta, Massoudi alitega sikio.

"Soupape inagonga mu injini," akasema. "Anaiendesha bila kuangalia mafuta."

"Wewe!" Fadhila akafoka, na ulimi ule mzito ukamchelewesha. "Mutu amekuua, unamuhurumia pikipiki?"

"Pikipiki haina kosa," akasema Massoudi.

Wiki ile Adija alikuja mbio, kanga imemwanguka begani. Nyumba za jirani zilikuwa zimechomwa moto, na yeye alikuwa ameshapata nafasi kwenye boti ya mizigo ya kwenda Kigoma, inayoondoka bandarini Jumamosi asubuhi.

"Wifi, mi sibaki mu muji huu," akasema. "Ukitoka Ijumaa, tunaenda wote. Usipotoka, Lubna naenda naye. Simwachi hapa wamuchinje, hata ukinichukia."

Fadhila hakumchukia. Alichokihisi kilikuwa hofu tupu. Akimkosa Lubna Jumamosi, hatamwona tena, maana nani aliyewahi kuvuka ziwa na kurudi kumtafuta mwendawazimu? Akamfuata Daphrose, muuguzi mzee wa wodi ya wanawake, akamshika vazi lake jeupe, akalia mbele yake bila haya.

Daphrose alitazama huku na huku. "Madame, hapa watu hutoka kwa neno moja," akasema. "Ijumaa muzungu wa utafiti anakuja kuona kazi. Atakuuliza mambo yale yale. Sema apana. Basi. Unaona bwana yako? Apana. Kuna mubaya wako? Apana. Utalala kwako."

"Lakini namwona."

"Hata mi namwona, si ndiye ananipokonyaga jiko kila asubuhi? Nani amekuuliza kama ni kweli?"

Mchana huo Fadhila hakula. Massoudi aliketi chini, mgongo ukutani, akachokora meno kwa kijiti ingawa hakuwa amekula chochote tangu afe.

"Sema apana," akasema. "Mi sitakasirika."

"Na Candide?"

"Hata Candide. Sema apana."

Hapo Fadhila alipandwa na uchungu, akampiga kifuani kwa ngumi zake zinazotetemeka. "Massoudi, mi sikukuosha. Sikukuvika sanda. Shehe alisema maiti haijaonekana, hata eda sikukaa. Mutu mumoja tu katika muji huu anasema umeuawa, ni mimi, na kwa sababu hiyo wananiita mwendawazimu. Na mi nikikukana, utabaki na nani?"

Massoudi alifikiri. Alikuwa mtu asiyejibu upesi hata alipokuwa hai. "Aliye hai ni Lubna," akasema mwisho. "Mi siendi popote. Ukitaka cha mvunguni, Fadhila, inama."

Ijumaa mgeni alifika, mzungu mrefu mwenye jasho, shati limemganda mgongoni. Hapakuwa na viti vya kutosha, basi Massoudi akaenda kuleta kimoja kutoka jikoni, akakipangusa kwa kiganja, akamwekea. "Merci, monsieur," mgeni akamwambia. Daktari Hyacinthe akafungua karatasi zake kwa uangalifu, maana alikuwa ameahidiwa kwamba mambo yakienda vizuri ataalikwa Ulaya kusimama mbele ya wataalamu na kuonyesha mistari inayoshuka.

"Fadhila, unaona watu waliokwisha kufa?"

Massoudi alikuwa nyuma ya mgeni, mkono juu ya kiti. Fadhila alimtazama usoni. "Apana," akasema.

"Bwana yako humwoni?"

"Bwana yangu alikufa."

Daktari alimtafsiria mgeni, mgeni akaitikia kwa kichwa, ameguswa. Alikufaje, na kwa mkono wa nani, hilo halikuwamo kwenye maswali. Waliotunga maswali walifikiria kila kinachoweza kumtokea mtu ndani ya kichwa chake. Kilichomtokea njiani hakikuwahusu.

"Je, kuna mutu anakutakia mabaya?"

Dirisha lilikuwa wazi. Getini Candide alikuwa anamzuia bibi mmoja aliyesahau kadi. Fadhila alimeza mate, na mara hii yalimezeka.

"Apana," akasema. "Hakuna mutu."

Mgeni alipiga makofi kidogo, akashika mikono ya wote waliokuwemo: ya daktari, ya Daphrose, ya Fadhila, na ya Massoudi. Mkono wa Massoudi ulikuwa baridi, na mgeni akadhani ametoka kuosha vyombo. Kesi nzuri sana, akasema. Kesi safi. Akauliza kama vidonge vingeendelea kupatikana utafiti ukiisha, daktari akasema hapana, na wote wawili wakasikitika kwa adabu.

Sheria ya kliniki ni kwamba mgonjwa hutoka mkononi mwa garde-malade wake, naye ndiye anayetia sahihi. Baada ya swala ya alasiri Massoudi alimshika Fadhila mkono, akambebea fundo lake la nguo, wakashuka pamoja mpaka getini. Akatia sahihi kwa herufi zake kubwa za gereji. Candide aliisoma karatasi taratibu, na midomo yake ikifuata maneno. Alipofika mwisho alivua kofia.

"Nasikia umepona, madame."

"Nimepona."

"Mungu asifiwe!" akasema Candide, na alisema kwa moyo wake wote. Kwa muda mrefu alikuwa halali vizuri, akisikia jina lake linatajwa sokoni. Sasa daktari mwenyewe, na mzungu juu yake, wametia sahihi kwamba hakuna mtu. Akamfungulia geti lote, si ule upenyo wa kila siku, akamshika kiwiko asijikwae.

Nje, Adija alikuwa amesimama na mabegi mawili na godoro lililofungwa kamba. Lubna alipomwona mama yake alikimbia akamkumbatia kiunoni, na Fadhila akazinusa nywele za mwanawe, akalia kwa furaha, furaha ya kweli isiyo na doa. Kisha Lubna akamwachia, akaenda kwa baba yake aliyekuwa amesimama ndani ya mstari wa geti, akamwonyesha pengo jipya.

"Papa, twende. Boti ni ya kesho."

"Mi nabaki, mwanangu. Kuna mama mumoja ameletwa leo asubuhi, hana garde-malade. Watamfukuza."

Akamkabidhi Lubna fundo la nguo, akapapasa pengo lake kwa kidole gumba. Kisha akamtazama Fadhila, akangoja. Fadhila alikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Lakini Candide alikuwa amesimama palepale, funguo mkononi, akimtazama kwa upole kama mtu anayetazama ukuta uliopakwa rangi mpya, aone kama umekauka. Wagonjwa waliopona na kurudishwa alikuwa amewaona wengi. Neno moja lilitosha kumrudisha mtu ndani.

Fadhila alijitwika begi, akageuka.

"Mama," Lubna akamvuta kanga. "Humwagi papa?"

"Papa gani?" akasema Fadhila. "Tembea."

Wakatembea, na hakugeuka nyuma. Candide alingoja mpaka walipopotea kwenye kona ya barabara ya kushukia mjini, akafunga geti, akaivaa kofia yake. Massoudi alikuwa bado amesimama na sufuria tupu mkononi.

"Ingia basi, Massoudi," Candide akamwambia. "We njia unaijua."