Maumivu ya Zamu

Mshonaji alikuwa barazani kwake akipindia sketi za shule, mguu kwenye kanyagio la cherehani, shavu la kushoto limefungwa kitambaa hadi utosini. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na sketi zilikuwa zimerundikana kwenye kiti cha wageni mpaka zikaanza kuteleza. Kila alipomaliza upindo mmoja alisimama, akashika nguzo ya baraza, akafumba macho mpaka gego lilipopunguza kasi, kisha akakaa tena. Karafuu aliyokuwa ameibana kwenye tundu la gego hilo ilikuwa imekwisha nguvu tangu asubuhi.

Zahanati ya mtaa ilikuwa na chumba cha meno. Ndani yake mlikuwa na kiti kinachoinuka na kulala, taa yenye shingo ndefu na sinki jeupe. Kiti hakikuwahi kukaliwa na mgonjwa. Kilikuwa bado kimevaa nailoni yake ya kiwandani. Aliyekosekana ni daktari. Muuguzi, mwanamke mpole aliyetibu kila kitu kuanzia kikohozi hadi uzazi, alikuwa akimpa mshonaji vidonge na kumwambia daktari wa meno yuko njiani. Alikuwa njiani tangu kile chumba kilipopakwa rangi. Hospitali kubwa ya mjini ilikuwa naye mmoja, na mshonaji alishamfuata huko. Alikaa kwenye benchi mchana kutwa, akaambiwa ganzi imekwisha, arudi mwezi ujao. Mwezi ulipofika, ganzi ilikuwepo lakini daktari alikuwa kwenye semina.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa mkekani hapo barazani, akichambua mchele. Wanawake hawa wawili walikuwa wameishi nyumba moja miaka mingi bila kugombana na bila kucheka pamoja.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "kuguna huko kutanitia wazimu. Hebu nipe nikushikie kidogo, umalize nguo za watu."

"Nikushikishe nini, mama?"

"Hayo maumivu. Lete shavu."

Alisema hivyo kama mtu anayeomba kupokea mtoto mchanga ili mama yake apate nafasi ya kuosha vyombo. Mshonaji akafungua kitambaa, akainama, mashavu yakagusana, na maumivu yakahama. Mama mkwe akajirudisha nyuma na kushika taya kwa mikono miwili. Ungo ukapinduka, mchele ukatawanyika mkekani.

Alianza kuzikusanya punje kwa mkono mmoja, akaziacha.

"Kumbe," alisema. "Mimi miaka yote nilidhani unadeka."

Mshonaji alishona sketi zote mpaka ya mwisho. Jioni alirudishiwa maumivu yake, akashukuru, akaenda kupika.

Kesho yake mama mkwe aliyaomba tena bila kubembelezwa. Mume wa mshonaji, aliyekuwa mlinzi wa kiwanda cha misumari, aliposikia, alisema na yeye ana haki, maana mke ni wake. Akaenda nayo kazini. Hakupata hata lepe la usingizi langoni, na msimamizi, ambaye kwa kawaida alimkuta akikoroma, alimsifu mbele ya wenzake. Baada ya hapo mlinzi alikuwa wa kwanza kuyadai kila siku ya ukaguzi.

Mdogo wa mlinzi alikuwa kinyozi pale njia panda. Na yeye alikuja.

"Shemeji, mimi kwa ajili yako ningebeba gunia la mawe," alisema, "sembuse kagego kamoja."

Alikabeba kagego hako, na katikati ya kazi kakampiga shoti. Mteja mmoja akatoka dukani na njia nyeupe kutoka paji la uso hadi kisogoni. Tangu hapo kinyozi aliyachukua siku za kufunga duka tu. Kisha wakajiunga majirani: mwanamke muuza maji wa bombani, mke wa seremala, hata mwenye nyumba, ambaye watu walikuwa wakisema hana huruma. Taratibu zikajipanga zenyewe. Watoto hawakuruhusiwa, wala wajawazito. Ukimkuta mtu kwenye foleni ya maji ameshika shavu, ulimpisha apite mbele. Muuguzi aliposikia habari hiyo alitikisa kichwa na kusema angependa kusaidia, ila yeye alikuwa na gego lake mwenyewe, ambalo hadi siku hiyo hakuwa amemwambia mtu.

Mshonaji akaanza kula upande wa kushoto. Akanenepa kidogo, uso ukajaa. Siku moja akiwa anatia uzi kwenye sindano akaanza kuimba, na mama mkwe, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa na zamu, akanyamaza kuguna ili amsikilize. Hakuwahi kujua kuwa mkwewe ana sauti. Jino lilikuwa limeanza kuuma mwaka ule ule alioolewa.

"Imba tena," alisema, taya mkononi.

"Hutaki kupumzika, mama? Naweza kuyachukua sasa."

"Nimekwambia imba."

Habari zikafika mjini. Afisa wa afya akaja kwa gari, akiwa na mpiga picha na dereva. Watu wakakusanyika mbele ya zahanati, na afisa akasema kwa muda mrefu kuhusu jamii inayojitambua na kutatua changamoto zake bila kusubiri serikali. Watu wakapiga makofi. Alipomaliza, mama mkwe akainua mkono.

"Mwanangu, umesema vizuri sana. Hebu na wewe shika kidogo uonje."

Kamera ilikuwa imeelekezwa kwake, kwa hiyo afisa akacheka, akainama, akalishika shavu la muuza maji, aliyekuwa na zamu siku hiyo, na kulisogeza kwake. Picha ikapigwa. Kicheko kilibaki usoni mwake lakini macho yalijaa machozi. Alisema ni kitu cha kuvumilika kabisa, akaaga, na kutembea upesi kuelekea garini.

Muuguzi akamkimbilia mpaka dirishani.

"Bosi, jino lenyewe bado limeoza. Linatakiwa kung'olewa. Chumba kipo, kiti kipo, tunahitaji mtu tu."

"Kuna anayelalamika?" afisa aliuliza kwa meno yaliyobanwa.

Muuguzi akageuka kuwatazama watu. Walikuwa wanazungumza na kucheka. Mshonaji alikuwa katikati yao na gauni lake jipya, akimrekebishia mke wa seremala kola.

"Leo hakuna," alisema.

Kesho yake dereva wa afisa alishuka kutoka kwenye basi, kashika shavu, akaomba radhi kwa kuchelewa. Bosi wake alikuwa amemkabidhi maumivu kabla hawajafika barabara ya lami, akaingia ofisini mzima na kuwaambia wenzake kikaoni kwamba ameyabeba mwenyewe na anajua anachosema. Muuza maji akampa dereva maji ya kunywa, akapokea maumivu, na dereva akawahi basi la kurudi.

Haukupita muda lori likaja kuchukua kiti, taa na sinki. Waliokuja nalo walieleza kwamba mtaa huu umejitosheleza, na vifaa vinapelekwa penye uhitaji. Kiti kilipakiwa na nailoni yake. Vijana wa mtaa walisaidia kukiinua, kwa kuwa kilikuwa kizito.

Uvimbe ulianza chini ya taya la mshonaji, mdogo, laini, kama yai la njiwa. Alipoubonyeza haukumuuma. Siku hiyo ulikuwa unamuuma mke wa seremala, aliyelala chali nyumbani kwake na kuuliza kila aliyepita mbona leo yamezidi. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Mshonaji aliendelea kushona. Uvimbe ukateremka shingoni. Sauti yake ikawa nzito, kisha akawa haimbi tena, kisha maji aliyokunywa yakaanza kumrudi puani.

Mama mkwe ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka kwa muuguzi. Muuguzi aligusa shingo kwa vidole viwili, uso ukamshuka.

"Usaha umefika kooni. Mpelekeni hospitali sasa hivi. Msirudi nyumbani kubadili nguo."

Wakaenda watatu: mshonaji, mumewe na mama mkwe. Hospitalini karani wa mapokezi alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi. Aliuliza bila kuinua macho.

"Unaumwa?"

Mshonaji hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Siumwi," alisema kwa ile sauti iliyobaki. "Maumivu yako kwa shemeji yangu."

Karani alitikisa kichwa, kwa kuwa alishawapokea wengine wa namna hiyo kutoka mitaa mingine.

"Basi mtasubiri benchi la mwisho. Hapa tunaanza na wenye maumivu."

"Mwanangu, shingo yake huioni?" mama mkwe aliuliza.

"Naiona, mama. Lakini watazame hao." Alinyoosha kalamu kuelekea mabenchi, ambako watu walikuwa wameinama, wengine wakilia, wengine wakijipiga mapaja. "Nikimpitisha mtu asiyeumwa, hao nitawaambia nini?"

Mlinzi akatoka nje kumpigia simu mdogo wake. Hakupoteza maneno. "Acha kila kitu. Lete maumivu ya shemeji yako hospitali. Haraka."

Kinyozi alikuja kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliingia mlangoni akinguruma kama ng'ombe aliyechomwa mwiba, maana siku hiyo maumivu yalikuwa yamepanda hadi sikioni na kushuka hadi begani. Kabla hajamfikia shemeji yake kwenye benchi la mwisho, wahudumu wawili walimdaka kwapani na kumkimbiza ndani moja kwa moja, wakipita watu wote. Alijaribu kueleza, lakini hakuna aliyemsikiliza mtu mwenye hali kama ile. Wakamlaza kwenye kiti. Daktari wa meno, mtu mzima mwenye macho mekundu ya uchovu na mikono mizuri, akamgonga jino moja baada ya jingine kwa kijichuma.

"Meno yako mazima," alisema hatimaye. "Watu wamejaa huko nje, na wewe umekuja kunichezea."

"Si langu, daktari. Ni la shemeji yangu. Yeye ndiye anaumwa. Yuko benchi la mwisho, kavaa gauni la bluu."

Daktari akavua glavu, akanawa mikono, akatoka.

Mshonaji alikuwa ameegemea bega la mama mkwe, kama abiria aliyepitiwa na usingizi. Mama mkwe alikuwa amekaa wima bila kujitikisa ili asimwamshe. Koo la mshonaji lilikuwa limeziba. Hakuwa amelia, hakuwa amejinyonganyonga wala kumshika mtu mkono, kwa kuwa hapakuwa na kitu kilichomuuma.

"Angepiga kelele," daktari alisema, "ningetoka mapema."

Hakusema kwa ubaya. Akamfumba macho, akarudi ndani kuita mwingine.

Kinyozi alihudhuria mazishi akiwa na maumivu. Watu walidhani kaburi likishafukiwa yatakoma, lakini hayakukoma. Yaliendelea vile vile, na sasa hayakuwa na wa kurudishiwa. Waliporudi nyumbani majirani walikaa uani wakashauriana nani ayachukue kwanza. Mwenye nyumba alijitolea wiki nzima. Mama mkwe akawasikiliza, kisha akainuka na kusimama mbele ya kinyozi.

"Zamu zimekwisha," alisema. "Lete shavu."

"Mama, wewe ni mtu mzima. Niachie mimi."

"Nimesema lete."

Yakahamia kwake na hayakutoka tena. Yalikaa upande wa kushoto, mahali ambapo hakuwa na jino lolote tangu uzee ulipoanza. Alipika nayo, alifua nayo, aliamka nayo. Mwanawe alimsihi mara nyingi ampe japo kwa siku moja apumzike.

"Nikipumzika mimi," mama mkwe alimjibu, "yeye atakuwa wapi?"

Mlinzi hakumwomba tena. Alipokuwa zamu kiwandani alianza kusinzia kama zamani, na msimamizi akamkata mshahara.

Picha ya afisa akiwa ameinamisha shavu ilibandikwa kwenye ukuta wa zahanati, na wageni kutoka mitaa ya mbali wakawa wanakuja kujifunza utaratibu. Chumba cha meno kiliwekwa mafagio na vitanda vilivyovunjika. Muuguzi alipita mbele yake kila asubuhi, ulimi ukibonyeza gego lake.

Siku moja mchana muuza maji alikuja kwa mama mkwe, mkono shavuni. Safari hii lilikuwa lake. Lilikuwa limetoboka, alisema, na limemkeshesha.

"Nishikie hata mpaka jioni tu, mama. Nimeacha wateja bombani."

Mama mkwe alitikisa kichwa.

"Kaa nayo, mwanangu. Wewe mwenyewe uliona. Ukiyaachia, siku ya kukimbia hutaijua."

"Na nikiijua," muuza maji aliuliza, "nikimbilie wapi?"

Aliuliza kwa kutaka kujua. Mama mkwe alifikiria hospitali, akafikiria zahanati. Akasogea pembeni kumpisha mwenzake nafasi, na wakakaa wote wawili barazani, kila mmoja na taya lake mkononi.

Bombani watu walianza kugonga ndoo na kumwita muuza maji kwa sauti. Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akaaga. Mama mkwe alimwona akivuka njia na kubisha hodi kwa mke wa seremala. Mlango ukafunguliwa, na mke wa seremala, bila kuuliza kitu, akainamisha shavu.