Kitabu Kilichokatwa kwa Tepu

Kitabu kiliingia karakanani ndani ya mfuko wa nguo za kupunguzwa. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wao wa miaka mingi, alisema macho yamemshinda, basi wasome wao. Kilikuwa hadithi ndefu ya Kirusi iliyotiwa Kiswahili, kurasa elfu moja na mia mbili, unene wa tofali. Mafundi wanne wakakitazama kama mgeni ambaye hajasema ataondoka lini.

Bi Mkasi, mwenye karakana na mkataji wa vitambaa, hakupoteza muda. Alivua tepu shingoni, akapima unene wa kitabu, akaugawa kwa nne, akapiga alama za chaki, akakata. Sura iishie wapi, ianzie wapi, hilo halikumhusu. Muradi vipande vilingane. Kila kipande akakishonea jalada la kitambaa kilichobaki: cha maua, cha mistari, cha buluu, na cha mwisho cha hariri. Akaweka na sheria mbili. Ya kwanza, kila msomaji aandike maoni yake pembeni mwa ukurasa, ili ijulikane amesoma kweli. Ya pili, anayetaka kipande amwombe aliyenacho, kwa mdomo wake mwenyewe.

Sheria ya pili ilimkaa kooni Vifungo.

Vifungo alikuwa mdogo wake Bi Mkasi, tumbo moja, na mkono wake wa kutia vishikizo haukuwa na mfano. Lakini dada hao walikuwa hawasemeshani mwaka wa pili sasa. Usiku wa kuamkia harusi ya Vifungo, dada mtu alifumua mikono ya gauni ambayo bibi harusi alijishonea mwenyewe, akaishona upya bila hata kuuliza. Vifungo akafoka mbele ya wakwe. Tangu hapo wakawa wanakaa chumba kimoja, hatua nne kati yao, na salamu zinapitia kwa Mama Pasi.

"Mama Pasi, mwambie fundi wa vishikizo koti la bwana yule ni la leo."

"Mama Pasi, mwambie mwenye karakana nimeshasikia, mimi si kiziwi."

Na Mama Pasi, mvuke umemjaa usoni, huku na huku, kama simu yenye miguu.

Kitabu kikawachangamsha wote. Warusi wale walikuwa na majina matatu matatu kila mmoja, wakamchanganya kila mtu, mpaka Tarizi, fundi wa nakshi, alipowaandikia kadi za vipimo kama wateja na kuzibandika ukutani. Jenerali mnene: kifua inchi hamsini na mbili. Mjane: kiuno chembamba, mapozi mengi. Kaka mtu na mdogo mtu, waliogombana kwa ajili ya farasi: kimo kimoja, kiburi kimoja. Pembeni mwa kurasa nako kukawa soko. Penye karamu kubwa Mama Pasi aliandika, "Mashati yote haya nani anayapiga pasi? Mwandishi hasemi!" Penye posa Tarizi aliandika, "Angekuja kwangu huyu, ningekubali kabla hajapiga goti." Vifungo alicheka peke yake jikoni mpaka mumewe akaja kuchungulia.

Kisha akafikia kipande cha tatu, cha buluu. Kwenye ukurasa wa ugomvi wa farasi alikuta mwandiko anaoujua tangu utotoni, herufi zimelala kama zimechoka: "Kaka mtu ndiye mwenye makosa. Angeomba radhi siku ileile. Sasa kila siku inayopita inazidi kuwa ngumu."

Vifungo alirudia maneno hayo mara tatu. Akataka kukasirika, hasira haikuja. Alichohisi ni hamu ya dada yake, hamu tupu, kama ya mtoto.

Aliendelea kusoma. Mdogo mtu alisafiri siku nne kwenye theluji kwenda kupatana na kakaye. Akafika, akakuta mlango wazi, mishumaa inawaka, jeneza katikati ya sebule. Akapiga magoti, akanyoosha mkono kufunua sanda, na—

Ukurasa uliishia hapo. Ndipo tepu ya Bi Mkasi ilipoangukia.

Asubuhi Vifungo alifika na macho mekundu. Uzi ulimkataa, sindano ikamchoma mara mbili.

"Mama Pasi," alisema kwa sauti ya chini, "niombee cha hariri kwa mwenye karakana."

Mama Pasi aliweka pasi wima. "Leo simu haina chaji, mwanangu."

Hatua nne tu. Vifungo alizivuka, akasimama mbele ya meza ya kukatia. Cherehani ya Tarizi ikanyamaza katikati ya ua.

"Dada," akasema, na sauti ikakatika. "Dada, kaka yake amekufa?"

Mkasi ulibaki hewani, umepanua mdomo. Dada mtu akamtazama mdogo wake, akaona macho yale.

"Hajafa!" akapiga kelele. "Hajafa, mdogo wangu! Aliyekufa ni jenerali! Wewe fundi mzima, hukusoma jeneza lilivyopanuliwa kwa ubao wa pili? Kaka mtu alivyo mwembamba, angelala humo na farasi wake!"

Tarizi alicheka mpaka akashika ukuta, kadi ya jenerali ikadondoka. Vifungo naye alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Bi Mkasi alizunguka meza, akamshika mabega kama anayempima.

"Ile mikono haikuwa na kasoro," akasema. "Niliogopa tu unaondoka, nikataka uondoke na kitu cha mkono wangu. Nisamehe."

"Ungeniambia, dada."

"Ningekuambia. Sikuweza."

Akafungua droo, akatoa kipande cha hariri, akavuta kigoda, akakaa. Vifungo akakaa sakafuni, akaegemea goti la dada yake kama zamani walipokuwa wakisukana.

"Mama Pasi," akaanza kwa mazoea, "mwambie—"

Akajishika mdomo, akainua uso.

"Nisomee, dada."