Vitunguu Vyenye Adabu

Kwa miaka ishirini na sita Beryl Murgatroyd alikuwa mwamuzi wa mapishi kwenye maonyesho ya kijiji cha Crawthwaite, kule Yorkshire, na miaka yote hiyo aliandika neno moja tu la Kiingereza kwenye kila kadi: nice, yaani nzuri. Keki, nice. Jemu, nice. Mkate uliopasuka kama kisigino, nice vilevile.

Wanakijiji hawakulalamika, maana walijua kulisoma. Nice yenye nukta ilimaanisha umejitahidi. Nice iliyopigiwa mstari, kadi ilitiwa fremu ikatundikwa sebuleni. Na "nice kiasi" ilimaanisha wape kuku, halafu uwachunguze kuku.

Clive Ollerenshaw hakuyajua hayo. Alikuwa mwalimu mstaafu wa sarufi, amehamia kutoka kusini, na kabla hajamaliza kufungua maboksi yake alishakuwa mwenyekiti wa kamati.

"Bi Beryl," alimwambia asubuhi ya maonyesho, mvua ikilipiga hema, "neno lako limechoka. Nimekuandalia visawe arobaini."

Beryl akaipokea karatasi, akavaa miwani. "Yote haya maana yake ni nice?"

"Yote."

"Sasa nice ina kosa gani?"

"Nitakagua kadi zote," alisema Clive, akaenda zake.

Beryl alikasirika hadi masikio yakamwiva. Lakini alikuwa amefanya kazi posta miaka thelathini. Mtu wa posta akipewa fomu, anaijaza. Alianza na neno la kwanza akashuka na orodha neno kwa neno, kadi moja neno moja, bila kuchagua.

Saa nane watu wakaingia na kukunja miavuli. Wa kwanza kusoma alikuwa Norman Sugden, fundi bomba.

"Beryl! Umeandika vitunguu vyangu vya siki vina adabu!"

"Ndiyo, kipenzi."

"Adabu gani? Vimekuamkia?"

"Vimetulia kwenye chupa, havijamtukana mtu."

"Kwa hiyo vya mwaka jana vilikutukana?"

Kabla hajajibiwa, Enid Barraclough alifika na kadi ya keki yake ya zabibu kavu. "'Nyepesi kuzoeleka'? Mume wangu hajamaliza mwaka kaburini, wewe unanitangaza kwa wanaume!"

"Nimesema keki, Enid."

"Hapa kijijini keki yangu ni mimi!"

Clive alijitosa katikati, kamusi mkononi, akianza kueleza kwamba neno hilo lina maana saba. Hakufika ya pili. Enid alimpiga kwa mwavuli, Norman akamwagiwa siki suruali nzima, na mwenyekiti akakimbilia nyuma ya birika kubwa la chai.

"Bi Beryl!" alipaza sauti kutoka huko. "Waandikie nice! Waandikie hata mara mbili!"

Beryl hakungoja kuambiwa tena. Alipita meza kwa meza akikata na kuandika upya. Norman akapata nukta yake, akaenda kukausha suruali. Enid akapigiwa mstari, akalia kidogo, akamkatia kila mtu kipande, hata Clive.

Ikabaki kadi moja. Skonzi za Wilf Haigh, mfugaji wa kondoo, mgane asiyezidisha maneno kumi kwa wiki. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushiriki, na skonzi zenyewe zingeweza kuvunja dirisha. Zamu yake kwenye orodha iliangukia neno "za kupendeka".

Beryl aliinamisha kalamu. Mkono mpana ukaifunika kadi.

"Hii usiiguse," alisema Wilf. Kofia ilikuwa kifuani, uso umemwiva. "Miaka kumi na moja nanunua stempu kwako, Beryl. Sina hata mtu wa kumwandikia."

Beryl alifungua mdomo amweleze habari ya orodha. Akamtazama, akaufunga.

"Jumapili njoo unywe chai," alisema Wilf. "Nitaoka nyingine."

Jumapili Beryl alikwenda, amevaa sweta yake ya bluu. Alichovya skonzi kwenye chai mpaka chai ikapoa, akauma, akageuza upande, akauma tena. Wilf alikaa mbele yake, mikono magotini, akingoja kusikia ilivyo. Beryl alinyanyua kidole kuomba muda. Alikuwa bado anatafuna.