Karoti za Buluu

Saa kumi na moja na nusu, jua lilipoteremka hadi kwenye dirisha la magharibi la ghala, Mwewe aliacha kutumia macho akaanza kutumia vidole.

Hakuna aliyemfundisha. Karoti ilikuja mbele yake juu ya mkanda, imeoshwa, ya baridi, naye aliishika kichwani na kuipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka mkiani. Ikiteleza bila kukwama, kreti ya kulia. Ikiwa na nundu, ikipinda, ikigawanyika miguu miwili kama mtu aliyevaa suruali, kreti ya kushoto. Asubuhi kazi hiyo aliifanya huku akipiga soga. Jioni vidole vilichelewa, na mkanda haukujua kusubiri.

"Umepitisha wawili," alinong'ona Bibi Mkasi, mzee wa meza ile, ambaye kazi yake ilikuwa kukata majani ya karoti.

"Wako wapi?"

"Wameshakwenda zao. Watalaka kamili, wamevaa na suruali."

Watalaka ndilo jina ambalo wanawake wa ghala walizipa karoti zilizokataliwa. Nzima, tamu, zina maji yake, ila bwana kazikataa kwa umbo. Jina la Mwewe nalo lilitoka kwa Bibi Mkasi, mwaka ule wa kwanza, alipomwona mwanamke mgeni akinyakua karoti yenye ufa kabla wenzake hawajaiona. Sasa, mimba ikiwa na miezi sita, jina hilo lilimpwaya kama kiatu cha kuazima.

Zamani watalaka walikuwa na pa kwenda. Jumamosi geti la nyuma lilifunguliwa, wanawake wakatoka na ndoo zao, na jioni hiyo hakuna nyumba bondeni iliyokosa karoti. Kisha wanunuzi wa mbali wakasema karoti za kampuni zisionekane sokoni zikiuzwa kwa fungu, zitashusha hadhi ya zile zilizonyooka. Akaletwa mtu mwenye bomba la mgongoni. Tangu hapo kila kreti ya kushoto ilinyunyiziwa rangi ya buluu, ikapakiwa kwenye toroli, ikafukiwa shimoni karibu na geti. Na kwa kuwa binadamu ni binadamu, ukaja ukaguzi wa ndimi. Kila jioni, mmoja mmoja, wanawake walitoa ulimi mbele ya mlinzi. Mwenye ulimi wa buluu aliandikwa daftarini, na aliyeandikwa hakurudi.

"Ni sumu?" Bibi Mkasi aliwahi kumwuliza msimamizi.

"Si sumu, bibi. Sisi si wauaji. Ni alama tu."

Giza la Mwewe lilianza mwezi wa nne wa mimba. Mwanzoni alidhani ni uchovu. Kisha jioni moja alimwaga uji pembeni ya bakuli huku mama mkwe akimtazama, na kesho yake akapelekwa zahanati akiwa ameshikwa mkono kama bibi harusi.

"Unakula nini?" aliuliza muuguzi.

"Mihogo."

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Na nini tena?"

"Na mihogo iliyobaki."

Muuguzi alifungua kabati, akalifunga. Vidonge vilikuwa vimekwisha tangu mwezi uliopita. "Basi kula karoti. Papai. Mboga za majani, nyingi. Mwili wako unamlisha mtoto kwanza, macho yako yanakula makombo. Ukichelewa, hata mchana utapotea. Unafanya kazi wapi?"

"Kwenye ghala la karoti."

Muuguzi alianza kucheka, akaona uso wa mama mkwe, akaacha.

Mama mkwe hakuwa mwanamke wa kukosa mboga. Miaka thelathini alilima mchicha, maboga na nyanya kwenye kingo za kijito nyuma ya nyumba. Sasa kijito kilikuwa njia ya mchanga ambamo kuku walioga vumbi. Maji yalizuiwa juu na kampuni, yakawa bwawa, na bwawa likazungushiwa waya. Mbegu zake bado alikuwa nazo, zimefungwa kwenye kitambaa, zinaning'inia juu ya kitanda. Kila asubuhi alizigusa.

Filimbi ililia. Mkanda ukasimama.

Msimamizi alikuja na kreti mikononi, akaitua mezani. Alikuwa kijana, msafi, mwenye sauti ya upole ambayo iliwatisha zaidi kuliko makelele.

"Kreti hii nimeirudisha kutoka kwenye lori," alisema. "Ndani mna miguu kumi na minne. Hii ni karoti au ni timu ya mpira?"

Hakuna aliyecheka.

"Ni ya meza hii. Mwewe, macho unayo?"

"Ninayo, bosi. Yako palepale chini ya nyusi."

Hapo wachache walicheka, na msimamizi akawasubiri wamalize. Akarudi nyuma hatua tatu, akawa amesimama mahali ambapo kwa Mwewe dunia ilikuwa pazia la kijivu.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema. "Lakini mimi nakwambia. Nimeshika nini?"

Bibi Mkasi akakohoa. Mara mbili.

"Mtalaka," alisema Mwewe. "Ana miguu miwili."

"Vizuri. Na sasa?"

Mwewe alingoja kikohozi. Hakikuja. Kimya maana yake imenyooka, alijiambia; Bibi angekuwa na nini cha kukohoa?

"Hiyo nzuri. Imenyooka. Kreti ya kulia."

Alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mkanda, na upande wa pili wa meza mwanamke mmoja akasema taratibu, "Maskini."

"Mikono yangu ni mitupu, dada," alisema msimamizi. Hakusema kwa furaha. "Maliza hiyo iliyoko mbele yako. Kesho usije."

Mwewe aliweka viganja mezani. Mtoto aligeuka tumboni, akatulia.

"Bosi, nina neno."

"Sema."

"Macho yangu dawa yake ni hizo karoti. Zahanati wamesema. Nipe ndoo moja ya watalaka kabla hazijapigwa rangi, wiki mbili tatu tu. Nitaona, nitakufanyia kazi kama zamani. Wewe utapata mtu wako, mimi nitapata macho. Nani ameumia hapo?"

"Nikikupa wewe, kesho nani nitamnyima?"

"Usimnyime yeyote. Mnazifukia!"

"Mimi pia nakaguliwa," alisema msimamizi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza. "Unadhani mimi ndiye niliyeleta hiyo rangi? Kuna utaratibu. Ukitaka karoti, si ziko sokoni?"

"Za sokoni zinatoka safari ya siku mbili," alisema Bibi Mkasi bila kuacha kusugua kisu chake kwenye aproni. "Nusu yake zimeoza, na moja tu ni ujira wa asubuhi nzima. Za hapa zinasafiri kwenda kwa wenyewe. Mvumilivu hula mbivu, bosi. Sisi tunampangia sahani."

"Bibi, wewe kaa na kisu chako."

Mwewe alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani kwa adabu kama mgeni anayeacha kitanda alicholalia. Kisha alitembea kando ya ukuta, mkono ukigusa matofali, mpaka alipofika mlangoni, kwenye toroli la buluu. Alilijua kwa harufu. Akaingiza mkono, akatoa karoti. Ilikuwa na miguu mitatu.

"Ulisema si sumu," alisema, bila kugeuka.

"Dada, weka hiyo."

"Nakuuliza. Nina mtu tumboni, kwa hiyo nijibu vizuri. Ni sumu, au ni alama?"

Msimamizi hakujibu. Wanawake wote walimsikia asivyojibu.

Mwewe aliifuta kwenye gauni lake, akaifuta tena, akauma. Ganda lilikuwa chungu kidogo kwa rangi. Ndani ilikuwa tamu, tamu ya udongo na ya utoto, na maji yake yalimtiririka kidevuni. Alitafuna mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alikula bila haraka, kama mtu aliyeketi kwenye kizingiti cha kwao.

Filimbi ya kutoka ikalia. Mtu wa toroli akalisukuma nje hadi shimoni, na wanawake wakapanga foleni kandokando ya toroli hilo, kama kila siku, kuelekea getini.

Mlinzi wa geti alikuwa mdogo wa mume wake. Alikuwa na tochi, daftari, na watoto wanne. Tangu Mwewe aolewe hawajawahi kukosana.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, habari ikiwa imeshamfikia, "pita. Funga mdomo, mimi sijaona kitu."

"Nimulike."

"Shemeji, usinifanyie hivyo."

"Nimulike. Si ndiyo kazi yako?"

"Nikimulika nitaandika. Nikiandika, hata ndugu zako hawataajiriwa hapa. Pita, mama. Mimi nitakuletea mboga nyumbani."

"Utazitoa wapi?"

Mwewe akaachama na kutoa ulimi wote, mrefu, kama mtoto anayemchokoza mwenzake. Tochi ilichelewa. Kisha ikawaka, na kwa Mwewe ikawa jua dogo lisilomwonyesha chochote.

Kalamu ilikwaruza.

"Umeandika nini?"

"Tarehe."

"Na kosa?"

"Lipo moja tu. Limeshachapwa humu. Wizi wa mali ya kampuni."

"Lifute. Andika kilichotokea. Andika: amekula karoti."

"Hakuna nafasi ya maneno hayo."

"Basi andika pembeni, kwa herufi kubwa. Amekula karoti, kwa ajili ya macho yake. Nitasimama hapa mpaka uandike."

Nyuma ya geti lori lilipiga honi. Msimamizi alipaza sauti kwamba mzigo utangulie, watu wasogee. Ndipo Mwewe aliposikia, nyuma yake kwenye foleni, mlio anaoujua kuliko jina lake. Kach. Karoti ikivunjwa na meno. Kisha kikohozi cha Bibi Mkasi, mara mbili.

Kach.

"Shemeji," alisema mlinzi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona maji yakipanda mlangoni. "Wanakula."

"Wangapi?"

Mwewe aligeuka. Mbele yake hapakuwa na foleni, wala shimo, wala wenzake. Palikuwa na giza tupu na mataa mawili ya lori yakija. Kach, alisikia, au labda ilikuwa kokoto chini ya tairi. Lori likapita karibu kiasi cha kumpeperusha gauni, limejaa kreti juu ya kreti, na likabeba sauti zote. Akabaki amesimama katikati ya njia, rangi ikiwa bado ulimini, akisubiri injini inyamaze ili ahesabu.